Kalamu Ilikuwa Mkononi mwa Dada

Shemeji yangu aligongwa na pikipiki Ijumaa moja usiku, akivuka barabara kutoka dukani kwake. Tulipofika hospitali alikuwa hatambui mtu. Daktari wa zamu alimweleza dada yangu kwa maneno machache: damu imevuja ndani ya fuvu, inabana ubongo, lazima apasuliwe usiku huo huo. Akampa fomu ya idhini na kalamu.

Dada alianza kuandika, kisha akaiweka kalamu chini. Ndugu wawili wa mumewe walimwambia asitie sahihi kwanza, mpaka baba yao mkubwa apatikane. Mzee alikuwa Lamu na simu yake haishiki. Tukapiga, tukapiga tena. Muuguzi alirudi mara mbili kuuliza kama tumekubaliana. Ile fomu naiona mpaka leo: kwenye mstari wa uhusiano dada alikuwa ameandika “mke”, mstari wa sahihi uko mtupu, na pembe ya karatasi imelowa jasho la kidole gumba chake. Saa nzima na nusu ikapita. Mzee alipopatikana aliuliza tu, “Mwaningoja mimi wa nini, na mkewe yupo hapo?”

Shemeji alipona, alhamdulillahi, ila mkono wake wa kushoto haujarudi kuwa na nguvu kama zamani. Kama ni ile saa na nusu iliyomponza, hakuna awezaye kusema. Dada hulala na swali hilo.

Baadaye nilikaa nikaisoma Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, na kifungu cha 9 kilinikata maini. Mgonjwa asipoweza kujisemea, wa kwanza kumsemea ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi, au aliyeruhusiwa na sheria au amri ya mahakama. Kama hakuna mtu wa namna hiyo, ndipo idhini hutolewa na ndugu wa karibu. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema ndugu huyo awe mwanamume, au awe mkubwa kwa umri, au atoke ukoo wa mume. Tena katika hali ya dharura, ambapo kuchelewa kunaweza kumuua mgonjwa au kumwachia madhara yasiyorekebika, naye hajawahi kuikataa huduma hiyo, daktari anaruhusiwa kutibu bila kungoja idhini ya mtu. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maana yake hata sisi tulipokuwa tukibishana pale kwenye benchi, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi kisheria.

Nawaelewa madaktari wanaosita. Jamaa wakigawanyika mbele yako, mmoja akisema “mpasue” na mwingine “ukimgusa tutaonana mahakamani”, utatamani sahihi ya mtu. Lakini fomu isigeuzwe kuwa kufuli.

Kwetu kinachoamua hasa ni heshima na pesa. Mkubwa wa ukoo ana neno lake, na atakayelipa bili ana neno zito zaidi. Mke aliyelala na mgonjwa miaka kumi na mbili, anayejua kwamba ana kisukari na kwamba kuna dawa fulani humvimbisha uso, anasukumwa nyuma ya kundi. Mimi nalikataa hilo waziwazi. Anayelipa apewe shukrani, na mzee apewe habari mapema, lakini uamuzi ubaki kwa anayemjua mgonjwa na anayejua angependa nini. Na kuna watu walio hatarini zaidi ya dada yangu: wanaoishi pamoja bila ndoa kusajiliwa. Hao usiku wa ajali huambiwa wakae nje.

Kwa hiyo mimi nimeandika. Karatasi moja: jina langu na nambari ya kitambulisho, jina la ninayemkabidhi, nambari zake mbili za simu, mtu wa pili iwapo wa kwanza hapatikani, dawa zinazonidhuru, tarehe, sahihi. Nikaongeza mashahidi wawili ili pasiwe na ubishi. Nakala moja anayo yeye, nyingine iko nyumbani, na picha yake nimewatumia ndugu zangu wote, maana karatasi iliyofichwa kabatini haitamsaidia mtu saa nane za usiku. Nimemchagua dada, si kaka yetu mkubwa. Kaka alininunia wiki nzima. Nilimwendea nikamweleza kwamba simshushii hadhi, ila dada amekwishakaa kwenye lile benchi na hatatetereka tena.

Mama alipoiona karatasi alinikemea: “Mbona wajitakia mabaya, mwanangu?” Sikubishana naye. Siku chache baadaye akaniita jikoni, akanipa kitambulisho chake, akaniambia niandike na yake. Nikaandika jina lake, kisha nikamwuliza niweke nani, huku nikijua kabisa atanitaja mimi. Akamtaja mdogo wake, mama mdogo wa Malindi.

“Nyinyi mtalia,” akasema. “Yeye atauliza daktari.”