Pikipiki kubwa imenilalia mara mbili siku moja

Jamani miaka minne nimeendesha kapikipiki ka cc 125, kepesi, kakiyumba nakatuliza kwa mguu mmoja tu, basi nikajiona fundi nikachukua dude la cc 650. Kilo 200 na ushee! Kukaa juu, miguu inagusa chini kwa ncha za vidole kama mtu anayenyata asiamshe mtoto.

Nikaenda uwanja mtupu na dada mmoja rafiki yangu, mwembamba hivi ila mapikipiki makubwa kayazoea. Nawasha, naingiza gia, injini kimya. Nawasha tena, gia, kimya. Nishaanza kumlaani aliyeniuzia, dada ananinyooshea kidole mguuni: stendi ya pembeni iko chini, na hili ukiweka gia stendi ikiwa chini linajizima lenyewe. Kale kadogo kangu hakakuwa na maringo hayo.

Haya. Kwenda moja kwa moja hamna shida, kazi iko kwenye kugeuza. "Kaka usitazame tairi, tazama unakoenda, klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, ya mbele usiiguse kabisa." Sawa. Nikatazama tairi. Nikaona linaanza kuegemea, usukani nimeukata kulia mpaka mwisho, na mkono wangu ukabana nini? Ya mbele. Wala halikuanguka kwa kishindo, lililala pole pole huku mimi nimelishika nalibembeleza, basi basi basi, mpaka chini. Kioo cha kulia kwaheri.

Kuinua sasa. Nikainama nikavuta kama gunia, kiuno kikalia kabla ya pikipiki kusogea. Dada akasema hapana, lipe mgongo, chuchumaa, makalio kwenye siti, mkono mmoja kwenye hendo mwingine shika chuma cha nyuma, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Wallahi likapanda! Nikasikia raha nikaongeza nguvu, na yeye nyuma yangu anapiga kelele "stendi, stendi!" kumbe stendi iko kushoto na nilitakiwa niishushe kabla ya kuinua. Likafika wima, likanisalimia, likaendelea na safari upande wa pili. Nalizuiaje na nimelipa mgongo?

Dada hakucheka, hapo ndo nilijua hali ni mbaya. Akaokota kioo cha kushoto, akanitilia kwenye mfuko wa jaketi pamoja na kile cha kulia.

"Kaka, angalau sasa limebalansi."