Majini Wanaofoka Kiswahili: Resident Evil 5 Ikichezwa Mombasa

Anayecheza Resident Evil 5 akiwa Osaka au London hukimbizwa na watu wenye mapanga wanaopiga kelele asizozielewa, na kule kutoelewa ni sehemu ya hofu aliyouziwa. Anayeicheza Majengo au Kisauni, mitaa ya Mombasa, anaelewa. Maadui wa gemu hii ya Kijapani wanaitwa Majini, na wanafoka Kiswahili. Si Kiswahili cha Mvita wala cha Unguja, lakini ni Kiswahili, na sikio la mtu wa pwani halina namna ya kujifanya halikusikia.

Ndiyo maana ubishi wetu juu yake haufanani na wa mashabiki wa nje. Wao hubishana zaidi kama inatisha au haitishi. Hapa nimekutana na wanaoipenda kwa sababu haitishi, wanaoichukia kwa sababu imetuchora vibaya, na wasiojali lolote kati ya hayo mradi pedi za kuchezea ziko mbili. Nikiwasikiliza, naona kambi zote zina haki kuliko zinavyopeana, kwa kuwa uzuri wa gemu hii na ubovu wake mwingi vimetoka kwenye uamuzi mmoja wa watengenezaji: kwamba mchezaji asiwe peke yake.

Kwa asiyeifahamu: Capcom, kampuni ya Kijapani, walianza mfululizo huu mwaka 1996, chini ya Shinji Mikami, kwa jumba lililojaa maiti zinazotembea na mchezaji mwenye risasi za kuhesabu. Mwaka 2005 toleo la nne lilileta kamera nyuma ya bega na maadui wanaokuja kwa makundi. Toleo la tano likatoka Machi 2009 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, likauza zaidi ya nakala milioni 7. Chris Redfield, Mmarekani wa kikosi cha kupambana na silaha za kibayolojia, anaingia Kijuju, mji wa kubuni uliowekwa Afrika Magharibi, akimsaka mfanyabiashara wa silaha aitwaye Ricardo Irving. Anapokewa na Sheva Alomar, mwenyeji wa bara hili. Mji mzima umeshikwa na vimelea vinavyomnyang'anya mtu hiari yake.

Saa ya kwanza ni kazi ya mafundi. Unatembea sokoni huna bunduki, watu wanakukodolea macho, kisha unaingia buchani kupokea silaha kutoka kwa mchinjaji ambaye kumbe ni wakala. Ukitoka, mtaa mzima umetoweka. Ukichungulia dirishani unaona umati uwanjani, mtu juu ya roshani akiwahutubia kwa kipaza sauti, na yule mchinjaji akikatwa kwa shoka na jitu lililofunikwa uso. Halafu umati unageuka na kukuona. Yote haya ni mchana wa jua kali. Gemu za kutisha zilikuwa zimezoea kuegemea giza, na hii ikathubutu kutumia mwanga: ukitoka chumba chenye kivuli, skrini inakuwa nyeupe kwa muda mpaka macho yazoee. Anayejua barabara za Mji wa Kale zinavyokuwa saa saba mchana, milango imefungwa na hakuna hata paka anayepita, atakubali kwamba waliona kitu cha kweli.

Kuna jambo linalogawa watu mara tu wanaposhika pedi. Chris hawezi kutembea huku akilenga. Akiinua bunduki, miguu inaganda. Vijana waliokulia kwenye gemu za vita huona huu ni uzembe wa watengenezaji, na wengi huiacha hapo hapo. Mimi naitetea nusu. Kusimama ili upige kunakulazimisha uamue: huyu namngoja au namkimbia? Hofu ya mfululizo huu imekaa katika uamuzi huo tangu mwanzo. Lakini hoja hiyo ilikuwa na nguvu adui alipokuwa maiti inayojikokota. Majini wanakimbia, wanarusha vitu, na sura za baadaye wanakuja na bunduki na pikipiki. Ili usife kila mara, gemu inawafanya wasite wakikukaribia, kana kwamba wanakungojea umalize. Ukishaliona hilo mara moja, utaliona kila mara.

Begi nalo wamelifanya vizuri. Kila mchezaji ana nafasi 9, na ukifungua begi mchezo hausimami. Unatafuta majani ya dawa huku mtu anakujia na msumeno wa injini. Hapo ndipo mwenzako anapoanza kuwa na maana.

Vibanda vya gemu vya mjini kwetu vinaishi kwa mpira. Wateja wengi wanataka mechi, wanalipa, wanafungana, wanatukanana, wanaondoka. Gemu ya hadithi haina nafasi hapo kwa kuwa mmoja anacheza na kumi wanatazama. Resident Evil 5 iliingia kwa sababu inachezwa na wawili kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mtu na pedi yake, na hata watazamaji wana kazi: kuonya, kuelekeza, kucheka. Wawili wanagawana risasi, mmoja anamrusha mwenzake juu ya paa, mmoja akianguka mwingine anakimbia kumwamsha kabla hajafa, na akifa mmoja wote mnarudi nyuma. Sijaona gemu nyingine ya kutisha inayowafanya watu wasiojuana wazungumze hivyo. Lawama yangu hapo ni ndogo lakini inaudhi: skrini ikigawanywa, haigawanywi sawasawa. Kila mchezaji anapewa dirisha dogo na pembeni kunabaki weusi usio na kazi. Kwenye televisheni ndogo ya kibandani mnacheza mmekunja macho.

Ukiwa peke yako, Sheva anaendeshwa na kompyuta, na hapo utetezi unaisha. Anafyatua risasi ulizozibana. Umekwaruzwa kidogo tu, yeye ameshakutumilia dawa ya mwisho. Kisha anajitosa katikati ya umati, anakufa, nawe unarudishwa nyuma kwa kosa lisilo lako. Bora kucheza na mdogo wako asiyejua vitufe.

Wanaosema gemu haitishi husema ni kwa sababu ya huyo mwenzako: nani ataogopa akiwa na mtu ubavuni? Hoja hii inakubalika haraka mno. Katika sura ya pili kuna mgodi wenye giza totoro. Mmoja anabeba taa kubwa kwa mikono miwili, hivyo hawezi kupiga. Mwingine ana bunduki lakini haoni ila kule taa inakoelekezwa. Nimeona watu wazima wakipigiana kelele mgodini humo, "mulika huku, mulika huku!", na hakuna aliyekuwa akicheka. Wenza haukuua hofu pale, uliizaa. Tatizo ni kwamba watengenezaji waligundua jambo hilo zuri wakalitumia mara moja, kisha wakarudi kwenye milipuko. Risasi zinakuwa nyingi, silaha zinaongezwa nguvu kwa pesa, unaweza kurudia sura ulizomaliza ili ukusanye zaidi, na kufikia mwisho Chris anapiga jabali kwa ngumi ndani ya volkano. Jabali linasogea. Vijana hushangilia, na mimi pia nilishangilia, lakini tulikuwa tumeshatoka kwenye gemu ya kutisha zamani.

Ushahidi kwamba walijua wanachokiacha ulikuja mwaka 2010 wenyewe walipotoa sura ya nyongeza iitwayo Lost in Nightmares. Ni Chris na Jill Valentine, mwenzake wa zamani kikosini, usiku wa mvua ndani ya jumba la mzee Spencer, mwanzilishi wa kampuni ya Umbrella inayotengeneza virusi, milango inalia, risasi haba. Wachezaji ni wawili vilevile. Na inatisha.

Sasa lugha. Capcom walifungua kamusi ya Kiswahili wakachota. Majini ndio umati. Kipepeo ni kidudu kinachochomoka mwilini mwa mtu na kuruka. Bui Kichwa anarukia uso. Na lile jinyama lenye mabawa linaitwa Popokarimu, jina ambalo sikio letu linalipokea kama popo mwenye ukarimu. Mpiganaji anajitayarisha kufa, kibanda kinaangua kicheko. Tena haya yote yako Afrika Magharibi, ambako hakuna mji unaozungumza Kiswahili mitaani. Mtetezi atasema Kijuju ni mahali pa kubuni, na kwamba toleo la nne liliwapa wanakijiji wake Kihispania bila dunia kupasuka. Sawa, lakini hadithi ya nne iliwekwa Hispania. Huku lugha imeokotwa kwa kuwa ni ya "Afrika", na Afrika ikafanywa kijiji kimoja.

Hasara kubwa zaidi ni ya kisanaa. Adui unayemwelewa ni mtu. Mara akitamka neno unalolitumia dukani, anaacha kuwa zimwi, anakuwa jirani aliyepandwa na hasira. Ungedhani hilo lingeongeza uchungu wa kumpiga risasi, na mwandishi mzuri angelitumia hivyo. Hapa linaleta vichekesho, kwa sababu Majini hawana la kusema zaidi ya kufoka. Jini wa pwani tuliyesimuliwa na bibi zetu ana mahali pake, mbuyu au pango au ufuo fulani. Ana anachokitaka, ana mila zake za kufukiziwa udi na kupungwa. Anatisha kwa utaratibu wake. Yule mwanamke mzuri wa usiku, ambaye unachelewa kumtazama miguu ukaona kwato, anatisha kuliko umati wote wa Kijuju, na hajawahi kushika panga. Jina hilo walilichukua, hofu yake wakaiacha.

Kuna lawama nzito kuliko zote. Filamu fupi ya kuitangaza gemu ilipotoka mwaka 2007, ikimwonyesha mzungu akiwapiga risasi Waafrika wenye macho ya kichaa, mwandishi Mmarekani mweusi N'Gai Croal aliikosoa waziwazi mwaka uliofuata kwa kurudia picha za kale za Mwafrika kama kitu cha kuogopwa. Capcom walikana nia hiyo. Vijana wengi niliobishana nao hapa hulitupilia mbali: ni gemu tu, na toleo la nne liliua wazungu wengi bila kesi. Hoja yao ina uzito mpaka ufike sura ya tatu, kwenye vinamasi vya Wandipaya, kabila la kubuni. Hapo watu wanakuja na vinyago, nyasi kiunoni na mikuki, wakipiga mayowe. Kuna karatasi unayoweza kuiokota, shajara ya kijana wa kijiji, inayoeleza kwamba mavazi yale ni ya zamani na wamerudi kuyavaa baada ya kuambukizwa. Hayo ni maelezo ya wakili. Jicho limeshaona lilichoona.

Lakini shajara ileile ndiyo inayonizuia kuitupa gemu nzima. Inasimulia jinsi wanakijiji walivyochomwa sindano wakiambiwa ni chanjo. Ukiunganisha karatasi hizo utapata hadithi yenye meno: mwaka 1966 wageni walifika kwenye ardhi ya Wandipaya wakitafuta ua lenye virusi, kampuni ya Umbrella ikawanyang'anya mahali pao patakatifu na kujenga maabara, na miaka mingi baadaye kampuni nyingine, Tricell, inarudi palepale kuwafanyia wenyeji majaribio. Wanaowaua watu wa Kijuju ni wenye suti na koti za maabara. Msomaji wa Kiafrika anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Ila imeandikwa kwenye karatasi ambazo mchezaji wa kibandani, anayelipia muda, anazipita mbio. Kinachobaki mkononi ni kifyatulio.

Sheva mwenyewe amekaa katikati ya mzozo huu. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Umbrella na walifia huko. Kisasi ni chake kuliko cha Chris. Hata hivyo hadithi inamfuata Chris na ndoto zake za Jill. Ukicheza peke yako mara ya kwanza huruhusiwi kumchagua Sheva, mpaka umalize gemu kwanza. Na ukimaliza, miongoni mwa mavazi yake ya zawadi mna vazi la kinachoitwa kikabila, lenye sehemu kubwa ya mwili nje. Aliyelibuni hakuwa akifikiria kisasi cha mtu yeyote.

Kwa hiyo wakiniuliza kama wainunue, kwa kuwa ilitolewa tena mwaka 2016 kwa PlayStation 4 na Xbox One na bado inapatikana, huuliza kwanza watacheza na nani. Mwenye ndugu au rafiki wa kukaa naye ainunue, asiikimbize sura ya mgodi, asome karatasi, na akimaliza aende Lost in Nightmares. Anayetaka kutishwa peke yake chumbani atafute toleo la saba la mwaka 2017, ambalo Capcom walilitengeneza baada ya kurudi kwenye nyumba moja, familia moja na giza. Wa vibandani hawana budi kugawana wahusika, na kwa kawaida mwenye mashine au aliyetangulia kulipa hushika pedi ya kwanza, akawa Chris. Sheva humwangukia aliyechelewa.