Karani wa sensa na swali la kabila

Sensa ya Agosti 2019 nchini Kenya, karani alibisha hodi na kishikwambi chake mkononi, na kati ya maswali lilikuwamo hili: wewe ni kabila gani? Tanzania, yenye makabila zaidi ya 120, ililiuliza mara ya mwisho mwaka 1967.

Wanaotaka swali hilo lifutwe wana hoja nzito. Kenya, hesabu ya makabila hugeuzwa upesi kuwa hesabu ya kura. Halafu kuna Rwanda. Vitambulisho vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930 vilitaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumuua mtu. Sioni wa kulibishia hilo.

Lakini nawafikiria Wamakonde wa Kwale, Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, wakazaa na kujukuu papo hapo Pwani bila kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Unamwomba jirani akusajilie, na siku mkikosana, laini ni yake na pesa zilizomo ni zake. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Sheria ya Kenya ya Uwiano na Utangamano ya 2008 nayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Usipohesabu, utajuaje kwamba imevunjwa? Hata Tanzania, ambayo naiheshimu sana kwa umoja wake, haiwezi kutumia sensa kujua watoto wangapi wa Wahadzabe wamefika sekondari.

Kwa hiyo mimi naunga mkono kuhesabu, mradi jibu libaki kuwa jumla isiyo na jina la mtu. Ninachokipinga ni kabila kuwa sharti la kupata karatasi za serikali. Kenya, fomu ya kuomba kitambulisho bado inauliza kabila, na hapo ndipo roho yangu inakataa kutulia: Wamakonde walikwenda kuomba uraia, wakapokewa kwa namba ya kabila.