Angani Hakuna Anayetulia

Jamani, nani aliyeeneza uvumi kwamba kuchora anga kwa darubini ni starehe ya watu watulivu? Aje atushikie tochi.

Anza na boksi la darubini. Limepigwa maandishi makubwa: INAKUZA MARA 525! Lenzi yenyewe ina kipenyo cha milimita 70. Kikomo cha maana ni kama mara 2 kwa kila milimita, yaani 140, tena hewa iwe imetulia. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu. Urefu wa fokasi (umbali toka lenzi kubwa hadi picha inapojikusanya) ukiwa milimita 700, lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 25 inakupa mara 28 (700 gawa kwa 25), na nyota kuu za Kilimia zote zinaingia. Ya milimita 10 inakupa mara 70. Hiyo iachie Mwezi na sayari.

Haya, umeipata sayari ya Mshtarii (Jupita). Unainama kuokota penseli, unarudi, hayupo! Dunia imeshazunguka. Inakwenda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kwa mara 70 sayari inakatiza uwanja wote wa lenzi kwa dakika 3 hivi. Ukisukuma bomba la darubini, picha nzima inacheza ngoma. Dawa ni kuitanguliza: iweke sayari kwenye ukingo inakoingilia, toa mkono, subiri mtetemo uishe, uitazame ikipita katikati. Miguu ya stendi usiirefushe hadi mwisho, na katikati yake ning'iniza chupa ya maji. Upande ambako sayari inatoka nje ya uwanja ndio magharibi. Uandike kwenye karatasi papo hapo, maana kioo cha kupinda mwanga, kile kinachoshika lenzi ya jicho, kinageuza kushoto kuwa kulia na baadaye utabishana na ramani mpaka alfajiri.

Macho nayo yana maringo: yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwaka, unaanza upya. Ndiyo maana tunatumia taa nyekundu hafifu. Sasa thubutu kuchora kwa penseli nyekundu chini ya taa hiyo: mistari haionekani kabisa! Chukua penseli nyeusi, HB na 2B.

Mwezi mpevu achana nao, hauna vivuli, umelala bapa. Subiri Mwezi nusu, chagua kreta (shimo la duara) moja tu karibu na mpaka wa mwanga na giza. Moja! Mwenye tamaa ya kreta kumi hamalizi hata moja, kwa sababu karibu na ikweta ya Mwezi mpaka huo unasogea kilomita 15 hivi kwa saa. Kwa hiyo vivuli kwanza, urembo baadaye. Mshtarii ana haraka zaidi: anajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, basi mikanda na madoa yawe karatasini ndani ya dakika 15. Na usimchore kwa kuzungushia sarafu. Amebonyea juu na chini, mikanda haitakaa sawa.

Halafu umande. Lenzi ikipata ukungu usiifute kwa shati, utaikwaruza. Ipulizie hewa vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele. Afadhali zaidi uivishe mapema bomba la karatasi ngumu nyeusi, refu mara moja na nusu ya kipenyo.

Ukimaliza hayo yote, ndipo anapokuja mgeni. Anauliza mbona Mshtarii mdogo hivi, na zile rangi za kwenye picha ziko wapi, na mbona kila kitu kinatikisika. Huku amelishika bomba kwa mikono miwili.