Pasi 318, kisha wakamwita garasa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kunyoa. Kinyozi wetu ni Mkongo wa Lubumbashi, duka lake liko kaskazini mwa Dallas, na siku kama hiyo hukosi watu kumi wanaosubiri zamu huku wakibishana. Televisheni ukutani ilikuwa inaonyesha orodha ya utabiri wa drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi ya futiboli ya Marekani zinapochagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni. Fulani kapanda nafasi tano, fulani kashuka nane, na miongoni mwao hakuna aliyecheza mechi tangu Januari. Mzee mmoja akasema, "Hawa nao watakuwa kama yule Trey Lance. Garasa." Watu wakacheka. Mpwa wangu alikuwa kwenye kiti, kainamisha kichwa, mashine inapita kisogoni. Akauliza bila kuinua uso: "Mjomba, alikuwa na miaka mingapi walipomchagua?"

Nikamwambia, ishirini. Yeye ana kumi na saba.

Swali hilo nimelibeba wiki nzima, na ndilo linaloniandikisha leo. Drafti ya Pittsburgh inakaribia na kelele zimeshaanza. Vijana wanaopigiwa debe mwaka huu sitawataja hata mmoja, kwa makusudi. Wametajwa vya kutosha.

Nitamtaja Lance, kwotabeki, yaani mrushaji mpira wa timu, kwa sababu habari yake naijua kuanzia mwanzo. Kijana wa Marshall, Minnesota, alikwenda kusoma na kucheza North Dakota State, kule Fargo, chuo cha daraja la chini ya vile vikubwa vinavyojaza televisheni. Mwaka 2019 alicheza msimu mmoja ambao hauna doa: mechi 16, ushindi 16, pasi 28 za tachidauni, yaani za kufunga, na hakuna hata pasi moja iliyonaswa na wapinzani. Mwaka 2020 korona ikafuta msimu wa kawaida wa daraja lao. Akacheza mechi moja tu, mwezi wa kumi. Jumla ya pasi zote alizorusha chuoni ni 318, na mechi alizoanza ni 17. Kwotabeki wa chuo kikubwa anaweza kurusha zaidi ya hizo kwa msimu mmoja.

Machi 2021, San Francisco 49ers walikuwa na chaguo la 12, yaani zamu ya 12 ya kuchagua. Wakalitoa kwa Miami, pamoja na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2022, na la 2023, na la raundi ya tatu juu yake, ili wapande hadi nafasi ya 3. Mwezi uliofuata wakamchukua Lance. Sasa fikiria uzito huo unapomwangukia kijana ambaye hajatimiza miaka 21. Hakuomba abadilishwe kwa mavuno ya miaka mitatu. Hakujiweka mwenyewe kwenye orodha za utabiri. Waliomweka huko ni watu wazima wenye vipaza sauti, na wiki baada ya wiki walikuwa wakiongeza chumvi: mkono wake, miguu yake, akili yake, "kipaji kisicho na kikomo". Pasi zenyewe zilikuwa 318. Hazikuongezeka kati ya Januari na Aprili. Kilichoongezeka ni maneno.

Akaanza mechi mbili msimu wa kwanza. Wa pili akakabidhiwa timu, na katika mechi ya pili, Septemba 2022, kifundo cha mguu kikavunjika. Mwezi Agosti 2023 wakampeleka Dallas Cowboys kwa chaguo moja la raundi ya nne. Mechi nne za kuanza, basi. Alikuwa na miaka 23 na tayari neno lilikuwa limemganda.

Hapa Dallas tulimwona akikaa benchi. Nilikuwepo Arlington mwezi wa Januari 2025, mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Washington, walipomwanzisha. Cowboys walikuwa wameshatoka kwenye hesabu za mtoano, viti vingi vilikuwa wazi. Nilifika mapema nikamwona akipasha misuli: anarusha, anatikisa vidole vya mkono wa kulia, anarusha tena, peke yake na mtu mmoja wa kumrudishia mpira. Mechi ilipoanza, jamaa aliyekaa nyuma yangu, kavaa jezi ya Cowboys hiyohiyo, alimzomea kwenye pasi ya kwanza iliyopotea. Ya kwanza! Kijana hakuwa ameanza mechi ya ligi kwa zaidi ya miaka miwili. Tulipoteza, lakini siku ile nilimwona mchezaji wa kawaida anayejifunza kazi yake hadharani, kwa kuchelewa, kwa sababu wakubwa walimnyima muda wa kujifunza alipokuwa mdogo.

Mjue pia aliyechukua nafasi yake kule San Francisco. Brock Purdy, wa Iowa State, chaguo la 262 mwaka 2022, la mwisho kabisa katika drafti nzima. Miezi michache baada ya Lance kuumia, Jimmy Garoppolo, kwotabeki aliyempokea, naye akaumia, Purdy akaingia, na Februari 2024 alikuwa anacheza Super Bowl, fainali ya ligi, kule Las Vegas. Watu husimulia habari hii kama muujiza. Muujiza uko wapi? Purdy alicheza misimu minne chuoni, zaidi ya mechi 40. Alishafungwa, alishanaswa pasi, alishaangushwa chini na kuinuka mbele ya watu maelfu. Hayo yote yalikuwa yameandikwa, kila mtu angeweza kuyasoma, lakini hana urefu wa kutamanisha na mkono wake haushangazi mtu kwenye video, hivyo hakuna aliyempigia debe.

Nasema hivi: uvumi huu hauanzii uwanjani. Unaanza uwanja unapofungwa. Msimu wa vyuo unaisha Januari, drafti iko mwishoni mwa Aprili, na katikati hapo kuna vipindi vya televisheni vya kujazwa kila siku. Mawakala wanasukuma majina ya wateja wao. Timu nazo zinaficha nia, zinamsifu wasiyemtaka ili mwenzao aingie mkenge. Orodha moja inanakili nyingine, na jina likirudiwa mara mia linakuwa ukweli. Halafu inakuja Machi, siku za maonyesho chuoni, kijana kavaa kaptula na fulana, anarusha mipira iliyopangwa na kocha wake mwenyewe, kwa wapokeaji anaofahamiana nao, hakuna anayemkaba. Zach Wilson, kwotabeki wa chuo cha BYU, mwaka huohuo wa 2021 alikimbilia kushoto akarusha mpira mrefu kwa kukatisha mwili wake, na video ile ikazunguka dunia nzima. Niliitazama labda mara ishirini, nakiri ilinipendeza. Lakini hakuna beki aliyekuwa anamkimbiza. Timu ya Jets wakamchukua wa 2, na baada ya misimu mitatu wakamtoa.

Mbio za yadi 40 pale Indianapolis, wanakopimwa vijana kabla ya drafti, ni hivyohivyo. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi wakati huo, Cincinnati wakamchukua wa 9. Wa 10 alikuwa Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa wa Super Bowl.

Na hata sisi tuna wetu. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya mcheza raga ambaye hakuwa amewahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Tulishangilia, mimi nikiwamo, kwa ajili ya mwili wake na bendera yake. Akacheza mechi chache, 2015 akaachwa. Mtu aliyejifunza mchezo mzima upya katika umri wa utu uzima na akafika kucheza ligi kubwa kuliko zote, halafu nasikia vijana wetu wanamtaja kwa kumcheka. Inaniuma.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo watu huitumia kumlaumu kijana. Kwa JaMarcus Russell, kwotabeki wa Raiders, sawa, naikubali kwa shingo upande: chaguo la 1 mwaka 2007, mkataba ambao ungeweza kufika dola milioni 68, tachidauni 18 kwa pasi 23 zilizonaswa, 2010 Raiders wakamwacha. Nyuma yake katika drafti ileile walikuwepo Calvin Johnson na Joe Thomas, ambao leo wote wawili wako katika jumba la heshima la mchezo huu kule Canton. Lakini kwa Lance methali hii naikataa. Tembo lake halikuwa na maji. Lilikuwa bado halijachacha, na wao wakaliuza.

Najua nitajibiwa kuhusu Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo Bills. Kweli, Wyoming hakuwa na takwimu za kuvutia, walimchagua kwa mkono na mwili, wa 7 mwaka 2018, na leo ni miongoni mwa bora. Buffalo walimvumilia msimu wa kwanza mbovu, wakamjengea timu. Uvumilivu ule ndio ninaoutaka kwa wengine. Najua pia mtasema Lance alilipwa zaidi ya dola milioni 34, kwa hiyo asilalamike. Hajalalamika. Ninayelalamika ni mimi.

Aprili 2025 tuliona upande wa pili wa mchezo huo. Shedeur Sanders wa Colorado alikuwa ametabiriwa raundi ya kwanza kwa miezi, na baadhi ya orodha zikimweka juu kabisa. Ikafika siku, akasubiri hadi chaguo la 144, raundi ya tano, siku ya tatu, na kila dakika ya kusubiri kwake ikaonyeshwa nchi nzima. Sijui kijana wa miaka 23 anaingia vipi chumba cha kubadilishia nguo baada ya hapo. Waliotabiri waliendelea na kazi zao Jumatatu.

Mpwa wangu anacheza beki wa pembeni katika shule ya serikali. Februari dada yangu alilipa dola mia mbili na hamsini apelekwe kwenye kambi moja ya maonyesho. Wakampima urefu, wakampima mbio, wakampiga video, wakamrudisha nyumbani na nyota mbili kati ya tano. Usiku ule nilimkuta jikoni, sahani ya ugali imepoa mbele yake, anaitazama namba ile kwenye simu. Hakuna aliyemwona akimkaba mtu.

Tulipotoka kwa kinyozi nilimuuliza kwenye gari, "Msimu huu umecheza mechi ngapi?"

"Kumi na moja, mjomba. Kumi za msimu na moja ya mtoano."

"Nisimulie."

Akaanza na ile ya kwanza, ya mwezi Agosti, jinsi joto lilivyokuwa kali, jinsi yule mpokeaji namba 4 alivyomzidi mara mbili na mara ya tatu akamjua. Tulifika nyumbani akiwa kwenye mechi ya nne. Dada alitoka mlangoni kutuita tule, na mimi nikamwonyesha kwa mkono asubiri.