Kifunga sumu kipimwe kwa mashudu yetu

Mahindi yaliyokataliwa sokoni kwa sababu ya ukungu mara nyingi hayatupwi. Yanaparazwa, yanachanganywa na pumba na mashudu, kisha yanamwagwa kwenye hori la ng'ombe wa maziwa. Ndiyo maana nikisikia habari za utafiti wa viungio vya chakula cha mifugo, siwazi kwanza vile vya kukuza kuku haraka. Nawaza sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu.

Sumu hii tumeijua kwa misiba. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 kwa aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu, iliyokuwa kwenye mahindi, wakafa 125. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa ng'ombe huja kimyakimya: hamu ya kula inapungua, maziwa yanashuka, mfugaji anadhani ni majani makavu. Kumbe asilimia 1 hadi 6 hivi ya sumu aliyokula mnyama inageuzwa na ini lake na kutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo ndiyo tunayowapikia watoto uji.

Dawa inayosifiwa madukani ni kifunga sumu, na mara nyingi ni udongo wa bentonaiti. Tabaka zake hunasa aflatoksini tumboni, ikatoka na mavi badala ya kuingia kwenye damu. Kazi hiyo ni ya kweli. Umoja wa Ulaya uliuidhinisha udongo huu mwaka 2013, usizidi gramu 20 kwa kila kilo ya chakula kamili. Ila kule chakula kilichovuka kiwango cha sumu kinachoruhusiwa hakiuzwi, hata ukikijaza kifunga sumu. Sharti hilo mimi nalithamini kuliko udongo wenyewe, maana bila hilo kiungio kinakuwa kibali cha kuuza uozo.

Kuna jambo jingine. Bentonaiti hukamata aflatoksini vizuri, lakini fumonisini, sumukuvu nyingine ambayo nayo imejaa kwenye mahindi yetu, huiponyoka kwa sehemu kubwa. Mfuko ulioandikwa kwamba unafunga sumu zote za ukungu unamdanganya mfugaji. Tena hali ya chakula chetu ni yake. Chukua gunia la mashudu ya alizeti lililolazwa sakafuni kipindi cha masika. Zamisha mkono hadi katikati: kuna joto, mashudu yameshikana mabonge, na ukilivunja bonge vumbi la kijanijani linaruka. Juu ya gunia huoni kitu. Jaribio lililofanywa kwa chakula kikavu cha kiwandani Ulaya halitoshi kuniambia kifunga sumu kitafanya nini humo.

Kwa hiyo naomba watafiti wetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), wajaribu viungio hivi kwa mashudu na pumba zinazouzwa mitaani, kwa ng'ombe wa wafugaji wadogo, na wapime maziwa yanayotoka. Wapime pia udongo wa kwetu; bentonaiti hutokana na majivu ya volkano, na volkano Bonde la Ufa linazo. Kisha kila mfuko uandikwe kwa Kiswahili: unafunga sumu ipi, kwa kiasi gani, unachanganywa gramu ngapi kwa kilo, na dawa zipi za mifugo zisitolewe pamoja nao. Muuzaji asiyeweza kuandika hayo asiruhusiwe kuuza.