Ukienda taarabu, nenda na noti za elfu mojamoja

Noti moja ya elfu kumi haina kazi kwenye ukumbi wa taarabu, ambako msikilizaji huinuka wimbo ukiendelea kumtunza mwimbaji fedha. Ukiitoa, umemaliza usiku wako kwa beti moja. Ukiibana, utakaa kitini mpaka wimbo wa mwisho huku wenzako wanainuka na kurudi. Kabla hujatoka nyumbani pita dukani uvunje: elfu mojamoja nane na ya elfu mbili moja zinamtosha mtu wa kipato cha kawaida. Zikunje mara moja kwa urefu, uziweke mahali mkono mmoja unapofika bila kupekua.

Naanza na fedha kwa makusudi. Kila taarabu asilia ya Unguja inapozungumzwa, maneno ni yaleyale: inakufa, vijana hawaitaki, Serikali ifanye jambo. Nadhani tunamtafuta mchawi mbali. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, bado kipo. Culture Musical Club, chenye mizizi ya mwaka 1958, bado kipo. Tausi wapo, wanawake wanaoshika vyombo wenyewe badala ya kuachiwa kuimba tu. Anayepungua ni msikilizaji anayejua kazi yake. Maana msikilizaji wa taarabu ana kazi, nayo ina ufundi wake.

Kutunza ndiyo sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, na ndiyo inayowaponza wengi. Wageni hudhani ni kumlipa mwimbaji. Kumlipa kumo, lakini ile noti inasema zaidi ya hapo. Inasema: maneno haya ni yangu. Tazama beti hii, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya tu:

Mtungi nimeutua, kiu yangu haijesha
Kata nami nachukua, tone halikunitosha
Mwenye maji anajua, kwa nini anikausha

Kila mstari una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Kina cha kati ni -ua na cha mwisho ni -sha. Nyimbo nyingi za taarabu asilia zimejengwa hivyo, mistari mitatu kwa beti, kisha kiitikio. Sasa, ukiinuka kwenye mstari wa kwanza, watu wataona una hamu na mtu. Ukiinuka kwenye mstari wa tatu, nusu ya ukumbi itageuka kumtazama mumeo au mkeo, kwa sababu umekwishamtaja kuwa ndiye mwenye maji asiyetoa. Kama hukukusudia hivyo, umenunua ugomvi wa nyumbani kwa shilingi elfu moja. Kwa hiyo usiinukie wimbo usioujua. Acha beti ya kwanza ipite nzima. Mstari wa taarabu mara nyingi huimbwa ukarudiwa, basi nafasi unayo: usikie mara ya kwanza, uamue, uinuke unaporudiwa.

Ukishainuka, pita pembeni, usikate katikati ya ukumbi. Mwendo uwe wa pole, mabega yafuate ngoma ya dumbaki, noti ishikwe juu ionekane. Mwimbaji umpe katika mkono usioshika maiki. Usimsemeshe, maana mdomo wake uko kazini, na usimzibe kwa wenzako kwa zaidi ya mstari mmoja. Angalia miguu, sakafu ya jukwaa ina waya. Ukipita karibu na wapiga fidla waachie nafasi ya upinde, maana mkono wa kulia unaovuta upinde mrefu hutoka nje kuliko unavyodhani, na kugongwa kidogo tu kwenye kiwiko kunavuruga sauti ya safu nzima. Kisha rudi kitini. Hutakiwi kubaki mbele mpaka wimbo uishe ili upigwe picha. Na ukiona fedha yako imewekwa kwenye chombo cha kukusanyia badala ya kuingia mfukoni mwa mwimbaji, usione vibaya: vikundi vina utaratibu wao wa kugawana, na mpiga dumbaki naye amekesha.

Muziki wa mwanzo usioimbwa, yaani bashrafu, hautunzwi. Huo ni wa kusikiliza. Na hapa ndipo watu wetu wanapojinyima uhondo mkubwa kuliko wote, kwa sababu wanafika saa nzima baada ya muda uliotangazwa, wakijua kwamba "taarabu haianzi mapema". Haianzi mapema, kweli, lakini kuna jambo linafanyika kabla haijaanza ambalo ni darasa la bure.

Mpiga kanuni anatafuta sauti. Kanuni, chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, ina nyuzi zinazokaribia themanini, tatu tatu kwa kila sauti moja, na zote tatu lazima zilingane sawasawa. Daraja linalozibeba nyuzi hizo halikukaa juu ya mbao kama la gitaa. Limekaa juu ya ngozi nyembamba iliyowambwa, na ngozi ni kitu kilicho hai kwa hali ya hewa. Hewa ya bahari ikiwa nzito, hasa miezi ya masika, ngozi inalegea, daraja linazama kidogo, nyuzi zote zinashuka pamoja. Ndiyo maana kanuni iliyolinganishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ikatolewa uwanjani inakuwa imeharibika kabla ya wimbo wa pili. Waandaaji wengi wanalifanya kosa hilo. Vyombo vikae mahali vitakapopigiwa angalau nusu saa kabla ya kulinganishwa, na feni isielekezwe kwenye kanuni hata kama mpigaji anatoka jasho.

Msikilizaji aliyefika mapema anasikia sauti hizo zikipandishwa na kushushwa mpaka zinakaa. Sikio lake linapata mahali pa kusimama. Atakapoanza mpiga udi, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, kuzizungukia sauti peke yake kabla ya wimbo, atajua ameondoka wapi na atarudi wapi, na atakaporudi, ile "Allah!" itamtoka yenyewe bila kufundishwa.

Mahali pa kukaa nako kuna maana. Watu hukimbilia mbele kabisa, chini ya spika, wakapata besi na kelele. Kaa safu ya tatu au ya nne, upande ilipo kanuni, usikie chombo chenyewe na si kivuli chake kutoka kwenye mitambo. Ukumbi ukiwa mdogo, wenye viti mia moja hivi, sioni kwa nini spika zile ndefu ziletwe kabisa. Tumejizoesha kuamini kwamba muziki usiogonga kifua haujapigwa, na taarabu asilia ndiyo inayoumia zaidi kwa imani hiyo. Udi una tumbo kubwa lenye uwazi na uso wa mbao nyembamba. Ukiuwekea maiki na kupandisha sauti, uso huo unaitikia spika, spika inaingia tena kwenye maiki, mluzi unaanza. Fundi mitambo anakata sauti za chini kuuzima mluzi, na udi uliobaki unasikika kama kopo. Dawa si ngumu: spika za kuwasikilizisha wapigaji ziwe mbali na udi na ziangalie pembeni, maiki isogezwe karibu, kama shibiri moja kutoka kwenye uso wa chombo na isielekee tundu moja kwa moja, na kwanza kabisa wengine wote wapunguze. Mwimbaji, kanuni na udi ndio wapangwe mwanzo. Akodiani, fidla na dumbaki zinajitosha zenyewe.

Kuhusu kinanda cha umeme nina msimamo, na najua wengi hawatakubaliana nami. Taarabu ya kisasa ina watu wake na raha yake, siigombi. Lakini kukiweka kinanda katikati ya fidla na kanuni ili kujaza nafasi ni kosa la kisikio. Kinanda cha kawaida kina sauti kumi na mbili tu zinazojirudia. Maqamu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, ya Rasti inataka sauti ya tatu ikae katikati, si juu kama ya furaha ya Kizungu wala si chini kama ya huzuni. Maqamu ya Bayati inataka hivyohivyo kwa sauti ya pili. Kanuni ina vikono vidogo vya kuipata sauti hiyo, na udi na fidla hazina vipingo shingoni, kidole kinaipata. Kinanda kisichowekewa mpangilio wa Kiarabu hakiipati, basi kinapiga jirani yake, na vitu viwili vinagongana palepale ambapo wimbo unatakiwa kuuma. Kama kinanda lazima kiwepo, mpigaji arekebishe sauti hizo kabla ya kila wimbo, au kwenye wimbo wa Bayati akae kimya.

Simu nazo. Rekodi beti moja, iteremshe. Jukwaa lina watu wanaosoma noti za muziki kwenye karatasi, na taa ya simu ikiwapiga machoni mistari inapotea.

Kwa anayetaka kuvuka kutoka kitini hadi kwenye vyombo, wengi humshauri aanze na udi. Mimi namwambia aanze na kidumbaki. Ndiyo taarabu ya harusi za mitaani na mashamba: fidla moja, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonganisha, na sanduku, ambalo ndilo besi. Nyimbo huunganishwa moja kwa nyingine bila kusimama na watu wanacheza. Kosa lako moja halitasimamisha shughuli, jambo ambalo huwezi kulisema kwenye safu ya fidla kumi.

Sanduku unaweza kulitengeneza mwenyewe. Chukua kasha la mbao nyepesi, kama yale yaliyokuwa ya majani ya chai, lililo wazi upande mmoja. Lipindue, uwazi uwe chini. Toboa tundu dogo katikati ya upande wa juu, pitisha kamba imara, uifunge kwa ndani kwenye kipande cha mti ili isichomoke na kupasua mbao. Ncha ya pili ifunge kwenye fimbo ya kiasi cha mita moja, ambayo mguu wake unasimama kwenye ukingo wa kasha. Ukivuta fimbo nje kamba inakaza, sauti inapanda. Ukiilegeza inashuka. Wanaoanza hukosea mambo mawili: wanaliweka kasha likigusa ardhi pande zote, sauti inafungiwa ndani, wakati inatakiwa upande mmoja uinuliwe kidogo kwa jiwe au mguu, na wanadonoa kamba kwa kucha badala ya nyama ya kidole, ikatoka kelele ya mbao bila uzito.

Vidumbaki vina maneno mawili, dum katikati ya ngozi na tak ukingoni. Jifunze kwanza mpigo huu mmoja, uhesabu hadi nane: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Sehemu ngumu ni vile vituo vya kimya. Anayeanza anavila, na mpigo unakimbia mpaka wachezaji wanapoteza kiuno. Piga huku unatembea chumbani, hatua moja kwa kila hesabu mbili, mpaka kimya kiwe na urefu sawa na pigo.

Anayetaka udi, kanuni au kusoma noti ana Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kimetoa wapigaji wengi wa vikundi vya leo. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na hufanyika Februari, ni zuri kwa kuonja. Ila kikundi kinaishi kwa usiku wa kawaida, ule wa Jumatano usio na bango. Hata mazoezi mtu anaweza kuhudhuria akijua adabu: ufike kabla hawajaanza, umsalimie mkubwa wa kikundi kwanza, useme umekuja kusikiliza, ukae nyuma. Usiguse chombo mpaka uambiwe. Ukirudi mara ya tatu utapewa kazi, na kazi yenyewe itakuwa kuitikia kiitikio au kushika rika, tari dogo lenye visahani.

Au kukusanya waya baada ya onyesho. Usiuzungushe waya kwenye kiganja na kiwiko kama kamba ya kisimani: shaba ya ndani inajipinda, na wiki ijayo maiki itakatakata. Fanya duara moja la kawaida, la pili uligeuze kiganja kwa chini, endelea hivyo mpaka mwisho, ufunge kwa uzi, uuweke ndani ya begi ukiwa umelala.